Maudhi na Madhara: Jinsi Mgonjwa wa Baipola Anavyoweza Kuishi na Dawa Zake

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii hufundishwa kama onyo kwa anayeuficha ugonjwa wake, lakini ni nadra kutajwa mtu wa aina ya pili, naye ni yule ambaye ugonjwa wake umekwisha kujulikana, dawa amepewa na anaimeza, ila anayaficha yale ambayo dawa hiyo inamtenda. Makala haya yanamhusu mtu huyo. Yanaangazia dawa zinazotumiwa kudhibiti hisia katika ugonjwa wa baipola, taabu zinazoandamana nazo, na njia ambazo mgonjwa, jamaa zake na daktari wanaweza kuzitumia ili kuzipunguza taabu hizo bila kuyatupa matibabu yenyewe.

Baipola ni ugonjwa wa akili ambao humpandisha mtu na kumshusha. Anapopanda huwa na msisimko uliopindukia mipaka: halali na wala hachoki, husema bila kituo, huweza kuitumia karo ya muhula mzima kwa siku moja, na hujiona kuwa hapana lisilowezekana mbele yake. Anaposhuka huingia katika sonona, yaani huzuni nzito inayomnyima nguvu, hamu ya chakula na pengine hata hamu ya kuishi. Baina ya vipindi hivyo huweza kuwa mzima kama watu wengine. Aghalabu ugonjwa huu huanza kujitokeza mwishoni mwa balehe au katika miaka ya ishirini na kitu, ambao ndio wakati vijana wengi wako chuoni. Kwa hivyo si ajabu mhadhiri kuwa na mwanafunzi anayemeza vidonge vya baipola, bila mtu yeyote darasani kujua ni kwa nini mkono wake hutetemeka anapoandika ubaoni.

Dawa za ugonjwa huu zina manufaa ambayo hayana ubishi. Lithiamu, mathalani, hupunguza kurudi kwa vipindi vya ugonjwa na hupunguza idadi ya wagonjwa wanaojitoa uhai. Hata hivyo, wagonjwa wengi huziacha dawa hizi, na mojawapo ya sababu kuu ni taabu wanazozipata mwilini. Wengi huacha kimyakimya. Hawamwambii daktari wala mama mzazi. Vidonge hubaki kwenye droo na tarehe ya kliniki hupita. Anayeiacha lithiamu ghafla huwa katika hatari kubwa ya kupandwa tena na ugonjwa katika miezi michache inayofuata, hatari inayozidi ile ya mtu aliyepunguziwa dozi polepole.

Suala la istilahi

Kabla ya kuzitazama dawa zenyewe, yafaa kuangalia majina ambayo Kiswahili kimeyapa mambo haya, maana utata wa majina huzaa utata wa matendo. Neno linalotumiwa sana nchini Kenya ni 'athari'. Neno hili asili yake ni Kiarabu na maana yake ya awali ni alama au unyayo uliobaki baada ya kitu kupita. Athari yaweza kuwa njema au mbaya, na kwa hivyo neno lenyewe halimwambii mgonjwa kama anapaswa kuvumilia au kukimbilia hospitali. Wapo wanaosema 'madhara ya pembeni', istilahi ambayo harufu ya tafsiri inaisikika mbali, na ambayo ina kasoro nyingine mbaya zaidi: inakiita kila kitu madhara, hata ukavu wa mdomo.

Wauguzi, hasa nchini Tanzania, wana usemi ulio bora zaidi. Katika kliniki za uzazi wa mpango husikika wakimweleza mama kuwa njia fulani ina 'maudhi madogo madogo'. Maudhi ni mambo yanayoudhi. Yanakera, yanachosha, yanaaibisha, lakini hayadhuru. Madhara ni mambo yanayodhuru. Mizizi ya maneno haya mawili ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo hasa inayohitajika katika matibabu ya baipola. Mgonjwa anayeyachukulia maudhi kama madhara huiacha dawa iliyokuwa ikimwokoa. Mgonjwa anayeyachukulia madhara kama maudhi huendelea kuvumilia hadi sumu imjae mwilini. Makala haya yatayatumia maneno hayo mawili kwa maana hizo.

Lithiamu: chumvi, maji na damu

Lithiamu ni madini yaliyogunduliwa nchini Uswidi mwaka 1817, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jiwe. Matumizi yake ya kisasa katika magonjwa ya akili yalianza mwaka 1949, wakati daktari John Cade wa Australia alipochapisha maelezo kuhusu wagonjwa 10 wenye msisimko uliopindukia ambao aliwapa chumvi ya lithiamu wakatulia. Ugunduzi huo ulikuja na doa. Mmoja wa wagonjwa wake wa kwanza alifariki mwaka 1950 kutokana na sumu ya dawa ileile iliyomponya. Huko Marekani nako, mwaka huohuo wa 1949, kloridi ya lithiamu ilikuwa ikiuzwa madukani badala ya chumvi ya mezani kwa watu waliokatazwa chumvi ya kawaida, na vifo vilipotokea ikaondolewa. Mogens Schou wa Denmark na wenzake ndio waliofanya kazi kubwa ya kuonyesha kuwa dawa hii inafaa na kwamba inaweza kutumiwa kwa usalama ikipimwa. Marekani haikuiidhinisha hadi mwaka 1970.

Kisa hicho cha chumvi kinaeleza karibu kila jambo ambalo mtumiaji wa lithiamu anapaswa kulijua. Figo huichukulia lithiamu kama ndugu wa sodiamu, ambayo imo katika chumvi ya kawaida. Mwili ukipungukiwa na maji au chumvi, figo hufanya uchoyo: huirudisha sodiamu mwilini isipotee, na pamoja nayo huirudisha lithiamu. Kiwango cha dawa katika damu hupanda ijapokuwa mgonjwa hakuongeza hata kidonge kimoja. Mambo yanayoweza kulisababisha hilo si ya ajabu. Ni kuharisha na kutapika, homa ya malaria inayomtoa mtu jasho usiku kucha, au kucheza kandanda chini ya jua la Mombasa bila kunywa maji. Ni msafiri wa basi kutoka Nairobi hadi Malindi anayejinyima maji makusudi ili asimwombe dereva kusimama njiani. Hata ushauri mwema waweza kudhuru: mgonjwa anayeambiwa apunguze chumvi kwa ajili ya shinikizo la damu, akaiacha kabisa siku hiyohiyo, huiinua lithiamu yake bila kujua. Kinachotakiwa ni chumvi ya kiasi kilekile siku zote na maji ya kutosha. Anayetapika au kuharisha sana anapaswa kuwasiliana na daktari siku hiyohiyo, kwani huenda akaambiwa asimamishe dawa kwa muda mpaka damu ipimwe.

Hatari nyingine imo katika duka la dawa lililo jirani. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo Wakenya wengi hununua kwa maumivu ya mgongo au ya hedhi bila cheti cha daktari, huipandisha lithiamu. Hali kadhalika baadhi ya dawa za shinikizo la damu, zikiwemo enalaprili, losatani na vile vidonge vya kumkojoza mtu ili maji yapungue mwilini. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli ndiyo salama zaidi kwa mtu huyu. Ni muhimu basi amwambie muuza dawa kwamba anatumia lithiamu kabla ya kutaja kinachomuuma.

Maudhi ya lithiamu yanajulikana vyema. Kiu ndiyo ya kwanza, na mkojo wa mara kwa mara huifuata. Hapa pana mtego ambao wengi hunaswa: kiu ikizimwa kwa soda na chai ya sukari nyingi, uzito huongezeka, kisha dawa ndiyo hulaumiwa peke yake. Maji matupu ndiyo tiba ya kiu hiyo. Mara nyingine daktari huihamisha dozi yote iwe ya jioni, na hilo huweza kuupunguza mkojo. Ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu hupungua dawa ikimezwa pamoja na chakula.

Mtetemo wa mikono unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu upo wa aina mbili. Wa kwanza ni mwembamba na wa kasi. Kikombe hugonga kisahani, uzi haukubali kupenya tundu la sindano, mwandiko huwa kama wa mtu aliye ndani ya matatu. Huo ni maudhi. Huweza kupungua dozi ikirekebishwa, na ukizidi kumsumbua mgonjwa, daktari anaweza kumwongezea propranololi. Kahawa huuchochea mtetemo, lakini hapana budi kuipunguza polepole, maana kafeini huisaidia figo kuitoa lithiamu. Mwanafunzi aliyekuwa akinywa vikombe sita kwa siku wakati wa mitihani, kisha akaacha ghafla likizoni, huweza kukuta kiwango cha dawa kimepanda.

Mtetemo wa pili ni mnene. Mkono mzima huruka na uji humwagika. Unapoandamana na kupepesuka, ulimi mzito kama wa mlevi, kutapika, kuharisha na kuchanganyikiwa, huo ni sumu ya lithiamu, nayo ni dharura isiyongoja asubuhi. Kwa bahati mbaya, jirani amwonaye mtu akipepesuka huku maneno yakimkwama kinywani hudhani amelewa, na huenda akamwacha alale.

Kipimo cha damu ndicho kinachoitenga dawa na sumu. Kwa wagonjwa wengi kiwango kinacholengwa ni baina ya milimoli 0.6 na 0.8 kwa lita, na kwa baadhi huachwa kifike 1.0. Kikipita 1.5 hatari imebisha hodi. Nafasi hiyo ni finyu mno ikilinganishwa na ya dawa nyingi. Damu hutolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Anayemeza saa tatu usiku hutolewa damu saa tatu asubuhi, na asimeze kidonge cha asubuhi, kama anacho, kabla ya kutolewa. Dawa inapoanzishwa kipimo hufanywa kila wiki hadi kiwango kitulie, halafu kila baada ya miezi mitatu katika mwaka wa kwanza. Figo na tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, hupimwa kila miezi sita. Tezi hii huweza kulegea kwa sababu ya lithiamu, wakati mwingine ikavimba na kuwa rovu. Hilo hutibiwa kwa kidonge cha homoni bila kuiacha lithiamu.

Kwa Waislamu, mwezi wa Ramadhani huhitaji mpango maalumu. Kukaa bila maji kutwa nzima katika joto la pwani si jambo dogo kwa mtumiaji wa lithiamu, na pia mabadiliko ya saa za kulala huweza kuuchokoza ugonjwa wenyewe. Mazungumzo na daktari yanafaa kufanywa majuma kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili dozi ipangwe na damu ipimwe mapema. Si kila mgonjwa atakayeambiwa afunge, na sheria ya dini yenyewe imemwekea mgonjwa nafasi.

Valproeti, karbamazepini na lamotrijini

Katika hospitali nyingi za umma nchini Kenya, valproeti na karbamazepini hupatikana kwa urahisi zaidi kuliko lithiamu, kwa kuwa ni dawa za kifafa pia, na hazidai maabara ya kupima lithiamu.

Maudhi ya valproeti ni uzito kuongezeka, nywele kupukutika, usingizi na mtetemo. Nywele kwa kawaida huota tena. Madhara yake ni machache lakini ni makali: ini kuathirika na kongosho kuvimba, ambako mgonjwa huumwa vikali na tumbo huku akitapika, au macho yake yakageuka manjano. Lililo zito kuliko yote linamhusu mwanamke. Mtoto aliyetungwa mama akiwa anatumia valproeti ana uwezekano wa takribani 1 kati ya 10 wa kuzaliwa na kasoro ya mwili, ikiwemo mgongo wazi, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 huwa na matatizo ya ukuaji wa akili na kujifunza. Kutokana na hayo, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa valproeti isianzishwe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba. Msichana wa chuo anayepewa dawa hii ana haki ya kuuliza ni kwa nini amepewa na ni ipi mbadala. Aliyekwisha kushika mimba asiitupe dawa usiku huohuo. Amwone daktari upesi, kwani kupandwa na ugonjwa katikati ya ujauzito nako kuna hatari zake.

Karbamazepini huleta usingizi, kichefuchefu, na kuona vitu viwili viwili dozi inapokuwa kubwa. Huweza kuipunguza sodiamu katika damu. Ila tabia yake ya kutazamwa zaidi ni kwamba huliamsha ini liziharibu dawa nyingine haraka kuliko kawaida. Vidonge na vipandikizi vya kupanga uzazi hupoteza nguvu. Dolutegraviri, dawa ambayo hutumiwa na watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi, hupungua katika damu, na dozi yake hulazimika kubadilishwa. Mgonjwa anayehudhuria kliniki mbili tofauti, na akaona haya kuitaja moja mbele ya nyingine, anaweza kudhurika bila daktari yeyote kukosea.

Lamotrijini haiongezi sana uzito wala usingizi, na husaidia hasa upande wa sonona. Hofu yake ni ngozi. Ndiyo maana huanzishwa kwa miligramu 25 kwa siku na kupandishwa polepole kwa majuma kadhaa. Ikiandamana na valproeti huanzishwa kwa nusu ya kiasi hicho, maana valproeti huikawiza kutoka mwilini. Mgonjwa mwenye haraka ya kupona hukasirishwa na mwendo huo wa kobe. Mwendo huo ndio ulinzi. Vipele vikitokea katika wiki za mwanzo, daktari aelezwe siku hiyohiyo. Vikija pamoja na homa, malengelenge, au vidonda vya mdomoni na machoni, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Tahadhari ya ngozi inahitajika kwa karbamazepini pia. Aliyekosa lamotrijini kwa zaidi ya siku tano asirudie dozi yake kamili kabla ya kushauriwa, kwani huenda akalazimika kuanza upya kutoka chini.

Zipo pia olanzapini, kwetiapini na risperidoni, ambazo asili yake ni dawa za kutibu wazimu lakini hutumiwa sana katika baipola. Olanzapini huchochea njaa isiyoshibishwa na sahani ya pili ya ugali, na sukari ya damu huweza kupanda. Kupima uzito kila juma tangu siku ya kwanza husaidia zaidi kuliko kungoja nguo zikatae kufungika, na metformini imeonekana kuwafaa baadhi ya wagonjwa. Kwetiapini ikimezwa usiku wa manane humfanya mtu aikose mihadhara ya asubuhi. Daktari anaweza kukubali imezwe mapema jioni.

Akili iliyofifia

Baadhi ya wagonjwa hulalamikia jambo ambalo halionekani katika kipimo chochote. Husema fikra zimekuwa nzito, maneno hayaji, furaha imekuwa bapa. Kwa msomi wa fasihi malalamiko haya ni makubwa kuliko kiu na mtetemo, kwa sababu yanagusa chombo chake cha kazi.

Kay Redfield Jamison, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye ni bingwa wa ugonjwa huu na mgonjwa wake vilevile, ameyaeleza haya katika tawasifu yake, *An Unquiet Mind*, iliyochapishwa mwaka 1995. Alianza lithiamu katika miaka ya 1970, wakati ambapo viwango vya juu vilikuwa vya kawaida. Mtu aliyekuwa akisoma vitabu kwa pupa alipoteza uwezo wa kukisoma kitabu kizito tangu mwanzo hadi mwisho, na hali hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka kumi. Aliiacha dawa zaidi ya mara moja. Ugonjwa ulirudi, na sonona ikamfikisha kwenye jaribio la kujitoa uhai. Hatimaye dozi ilipopunguzwa hadi kiwango kilichomtosha, uwezo wa kusoma ulimrudia.

Kinachovutia katika kisa hicho ni dozi. Lalamiko la akili kufifia lilikuwa na dawa yake, na dawa hiyo ilikuwa kupunguza miligramu kadhaa. Si kila ufifizi, hata hivyo, hutokana na kidonge. Sonona ambayo haijaisha hufifisha akili, na tezi iliyolegea hufanya vivyo hivyo. Wapo pia wanaolilia ule wepesi wa ajabu waliokuwa nao walipopandwa na ugonjwa, na ambao mtu yeyote angeuona utulivu kuwa upungufu akiulinganisha nao. Daktari mwema huyapima haya yote, na hamkemei mgonjwa kwa kulitaja jambo.

Athari zinazovaa nguo za ugonjwa

Taabu hatari zaidi kwa upande wa kutafsiriwa visivyo ni zile zinazofanana na ugonjwa wenyewe. Dawa kama risperidoni huweza kumtia mtu kutotulia kwa ndani: miguu haikubali kukaa, huinuka na kuketi, huzunguka chumbani, na moyo wake una dhiki asiyoweza kuieleza. Kiswahili hakina neno moja lililokubalika kwa hali hii. Jamaa humwona akirandaranda wakasema amepanda tena, daktari akaongeza dozi, na dozi ikaongeza kurandaranda. Swali moja huweza kulifumbua fumbo: je, anatembea kwa kuwa ana mambo mengi ya kufanya, au anatembea kwa kuwa kuketi kunamtesa? Kadhalika, uchovu, uzito na huzuni vinavyoletwa na tezi iliyolegea hufanana mno na sonona, na mtu huweza kupewa dawa za huzuni kumbe tatizo liko shingoni.

Lugha ya kliniki huongeza ugumu. Mgonjwa husema 'nina kizunguzungu', na faili huandikwa neno moja la Kiingereza. Ilhali kizunguzungu hicho chaweza kuwa macho kuingia giza anapoinuka kitandani, jambo la kawaida kwa mtumiaji wa kwetiapini, na ambalo hutulizwa kwa kuketi kwanza ukingoni mwa kitanda. Chaweza kuwa kisunzi, nyumba ikizunguka na vitu vikionekana viwili viwili, ambacho kwa mtumiaji wa karbamazepini huashiria dozi iliyozidi. Chaweza kuwa kupepesuka anapotembea, dalili ambayo kwa mtumiaji wa lithiamu huhitaji damu ipimwe leo. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa hali zote tatu, hayatumiwi tu. Mkalimani katika wodi, ambaye mara nyingi ni muuguzi aliyetingwa na kazi, huyatia yote katika kapu moja.

Tafsida nayo ina lawama yake. Adabu ya Kiswahili humfunza mtu kuyafunika mambo ya ndani, na katika mazungumzo ya kawaida ni adabu njema. Kliniki ni mahali pengine. Risperidoni huweza kumkatisha mwanamke hedhi na kumtoa maziwa bila mimba. Huweza kumpunguzia mwanamume nguvu na hamu. Mwanamume huyo husema 'mwili umelegea', daktari akaelewa uchovu, na matibabu yakaendelea yalivyo hadi ndoa iingie mashakani au vidonge vitupwe. Kama ni vigumu kulitamka jambo, hakuna ubaya kuliandika kwenye kijikaratasi na kumkabidhi daktari. Jambo lenyewe lina ufumbuzi: dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa.

Daftari, jamaa na usingizi

Kumbukumbu ya mtu mgonjwa ni shahidi dhaifu, na muda wa kumwona daktari katika hospitali yenye foleni huwa ni dakika chache. Daftari dogo huokoa wakati huo. Huandikwa tarehe, dawa na dozi, saa alizolala, uzito, na taabu yoyote mpya pamoja na siku ilipoanza. Taabu iliyoanza siku tatu baada ya dozi kupandishwa hujieleza yenyewe. Majibu ya damu pia huandikwa humo, kwa sababu kadi hupotea na mgonjwa huhama hospitali.

Jamaa wana kazi yao. Mjomba anayesema 'dawa hizi zinakulevya, ziache' mara nyingi anamwonea huruma mtoto wa dada yake, na kumbishia hakumgeuzi. Kumpeleka pamoja kwenye kliniki humgeuza zaidi. Anayeombewa na wazee wa dini aendelee kuombewa; madaktari wengi hawana neno na hilo, mradi vidonge visisimame. Miraa ni mgeni mbaya kwa ugonjwa huu, maana humnyang'anya mtu usingizi, na usiku mmoja au miwili bila kulala yatosha kumpandisha mwenye baipola. Pombe huzidisha usingizi wa dawa, huharibu hukumu ya mtu, na humkausha maji.

Upo wakati ambapo kubadilisha au kuacha dawa ni uamuzi wa busara: figo zinapoanza kudhoofika, mimba inapopangwa, au maudhi yanapokataa kila hila. Daktari na mgonjwa wakiafikiana kuiacha lithiamu, dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa muda usiopungua wiki nne, na ikiwezekana hadi miezi mitatu. Katika muda huo, na kwa miezi kadhaa baada yake, jamaa mmoja anayeishi na mgonjwa hupewa orodha fupi ya dalili za kuchunga, na ya kwanza katika orodha hiyo ni saa za usingizi zinazoanza kupungua.